Mkwe Nyuma ya Migomba

Mwaka ule tulikula ndizi. Sisemi tulikula ndizi kama tunavyozila siku zote. Nasema tulikula ndizi mpaka watoto wakiona mkungu unaletwa jikoni wanageuza uso ukutani. Viwavi waliingia kwenye mahindi yakiwa yametoa ndevu, wakayala, na yale machache yaliyosalia yakaoza kwa mvua. Ugali ukawa chakula cha wageni. Asubuhi ndizi na chai ya rangi, mchana ndizi na mboga ya managu, jioni ndizi tena, na ukibahatika mboga chungu ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa ili uchungu upungue. Ukimuuliza mtu yeyote wa upande wetu huu wa Birongo nilianza kukohoa lini, hatakutajia tarehe. Atakuambia ni ule mwaka wa ndizi.

Mimi ni mwanamke wa shamba. Shule niliacha darasa la tatu. Nimechuma majani chai mpaka vidole vikawa vyeusi na sabuni ikashindwa, nimemzika mume, nimelea watoto sita na wote wanapumua. Nyumba yangu naisiriba kila Ijumaa kabla Sabato haijaingia. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wakisikia fulani aliugua TB wanafikiri alikuwa mchafu, au alikuwa mlevi wa kulala mitaroni. Sikuwa mchafu wala mlevi. Nilikohoa tu.

Wakati huo nilikuwa nalala na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa tatu. Kwetu mtoto akishaachishwa ziwa si ajabu akaletwa kwa bibi yake, magokoro kama tunavyosema, na kati ya magokoro na mjukuu hakuna haya. Mnataniana mnavyotaka.

"Magokoro, mbona matiti yako yamelala?"

"Yamechoka. Mama yako aliyanyonya kama ndama."

"Yangu yataamka lini?"

"Yakiamka, utatamani yalale."

Alikuwa na miaka mitatu na maneno ya mtu mzima. Usiku alinipasha mgongo joto, mimi nikamkoholea kichwani bila kujua ninachomfanyia.

Kikohozi chenyewe nilikitibu kama kila mtu anavyokitibu. Asali na limau. Majani ya mkaratusi, unajifunika blanketi juu ya sufuria mpaka unatoka jasho. Nilipoenda soko la Daraja Mbili kuuza ndizi, mwaka ambao kila mtu alikuwa na ndizi na hakuna aliyezitaka, nilinunua dawa ya maji kwa kijana wa duka la dawa, naye hakuniuliza lolote ila kama nataka chupa ndogo au kubwa. Nikanunua kubwa. Ikaisha, kikohozi kikabaki. Sketi ikaanza kunishuka kiunoni nikaifunga kwa kamba ya gunia. Usiku nikawa naamka shuka imelowa kama nimelala mtoni.

Wifi yangu, dada ya marehemu mume wangu, nyumba yake iko hatua chache chini ya yangu. Aliolewa Nyamira, akarudi kwao akiwa bado kijana, na ulimi aliorudi nao haujawahi kupata kutu.

"Wifi," akanipigia kelele asubuhi moja, "unakohoa kama lori la majani chai likipanda mlima. Zima au weka gia!"

"Wewe lala."

"Nilale vipi na lori liko mlangoni?"

Tulicheka. Lakini kanisani hawakucheka. Benchi letu la wanawake huwa tunabanana mpaka anayetaka kusimama aombe ruhusa. Nikaona Sabato hii kuna nafasi kati yangu na mwenzangu, Sabato inayofuata nafasi imeongezeka, mwisho nikawa nakaa pale mwishoni na mkoba wangu.

Aliyenigundua ni mkwe wangu, mume wa huyo binti yangu wa tatu. Hapa lazima nieleze, maana bila hili hutaelewa kitu kingine.

Sisi Wagusii tuna chinsoni. Ni heshima yenye mipaka, na mpaka mkali kuliko yote uko kati ya mama na mume wa binti yake. Hamshikani mikono. Hakai ulipokaa. Akija kwako, yeye yuko sebuleni na wewe uko jikoni, salamu zinapitia ukutani. Hakuoni ukila, na hata mwayo ukikujia unaufunika kwa leso. Si chuki. Mkwe wangu ni mtu mzuri, nilimpenda tangu siku alipoleta ng'ombe wake na hakubishana kwa sauti. Ila kwa miaka yote hiyo sijawahi kumtazama machoni, naye hajanitazama.

Sasa huyo mkwe ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Anakaa ng'ambo ya mto, lakini mhudumu wa upande wetu alipata mume akatuacha, mlima wetu nao akapewa yeye. Anatembea na begi mgongoni, ana kipimajoto na simu, anauliza nani ana mimba, nani ana homa, neti ziko kitandani au zimefunika miche ya sukumawiki. Kila nyumba anaingia. Yangu anaiulizia akiwa nyuma ya migomba.

"Hamjambo humo, Mama?"

"Hatujambo!"

"Neti iko?"

"Iko!"

Basi. Siku moja alipokuwa pale nyuma ya migomba, kikohozi kikanishika katikati ya jibu. Kilinishika kweli, kikanikalisha chini. Hakuuliza la neti. Aliondoka, na kesho yake binti yangu akaja na kikopo cha plastiki chenye kifuniko.

"Mama, baba ya mtoto amesema ukohoe humu."

"Amesema nini?"

"Makohozi. Si mate. Ya asubuhi, yanayotoka chini kabisa kifuani."

"Mkwe wangu ametuma nimtemee makohozi?"

"Si yeye, Mama! Ni ya maabara."

Wifi alikuwa kwenye kizingiti changu akimenya ndizi. Alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Wakwe wa watu huleta sukari na blanketi. Wako ameleta kikopo!"

Nilikohoa humo, alfajiri, nje, upepo ukipuliza kama nilivyoelekezwa. Nikakiweka juu ya jiwe karibu na migomba, nikarudi ndani nikafunga mlango. Nikasikia nyayo zake, nikasikia glavu za mpira zikivutwa. "Asante, Mama," akaiambia migomba. Sijui ni mama gani mwingine duniani aliyempa mkwe wake kitu kama hicho.

Ilikuwa TB.

Kituo cha afya kina daktari mmoja kijana, si wa huku kwetu, na sista mmoja ambaye ni wa huku kabisa. Waliniambia kwa upole lakini bila kuzunguka. TB inasafiri kwa hewa. Si ya kurogwa, si ya laana, wala haitoki kwenye kijiko. Dawa ni za bure, za miezi sita, kila siku, na ukiziacha katikati zinakugeukia. Fungua madirisha. Walinipima na ukimwi pia, wakaniomba ruhusa kwanza. Nikawaambia, pimeni. Wakapima, hakuna.

"Sasa," daktari akasema, "tunataka mtu wa kukuona ukimeza kila asubuhi. Mhudumu wenu wa afya ni nani?"

"Ni mume wangu," binti yangu akasema.

Sista alicheka kidogo, akafunika mdomo. "Huyo hapana."

"Kwa nini?" daktari akauliza. "Ni mtu wa familia, tena amefundishwa."

"Daktari, huyu ni mama wa mke wake."

"Si ndiyo vizuri?"

"Ndiyo vibaya. Mama, nani mwingine yuko karibu na wewe asubuhi?"

Nikasema wifi. Nilisema kwa shingo upande, maana nilijua nitakavyoteseka.

Mjukuu naye alipimwa. Hakuwa na ugonjwa, Mungu ashukuriwe, lakini kwa kuwa nilimkoholea kila usiku alipewa dawa za kinga, vidonge vinavyoyeyushwa kwenye maji, vitamu kama peremende. Na jioni hiyohiyo baba yake akatuma neno: mtoto aje kwao mpaka mimi nipone.

Sikubishana. Ningebishana na nini? Nilimfungia nguo zake kwenye leso, nikamwambia anaenda kumsaidia mama yake kuchunga kuku. Aliniuliza kuku hao hawana mtu? Nikasema hawana. Usiku huo mgongo wangu ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Tangu siku hiyo nilikuwa na neno moja tu kichwani: kupona, mtoto arudi. Mengine yote, mbuzi, mazao, benchi la kanisa, yalikuwa ya pembeni.

Mwanangu wa mwisho akatoboa ukuta akaweka dirisha la pili. Na wifi, aliyekwenda nami kwa sista kuelekezwa, akaanza kazi. Alikuja jua likichomoza, kanga imefungwa kifuani, amesimama kama askari wa jela.

"Fungua, wifi. Leo nione hayo meno yaliyomla kaka yangu."

"Kaka yako aliliwa na pombe yenu ya ukoo."

"Meza kwanza, utukane baadaye. Haya. Inua ulimi. Kulia. Kushoto. Mungu wangu, huku nyuma kuna pango!"

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Funga, nzi wataingia."

Vile vidonge ni vikubwa, nikivimeza navisikia vikishuka kama mawe kwenye mfereji. Mwanzo tumbo lilikataa. Nilikaa chini ya mparachichi nikitema mate na kuilaani ndizi, kumbe si ndizi. Mkojo ukawa mwekundu kama soda ya machungwa. Nilipiga yowe chooni, wifi akaja mbio akidhani ni nyoka, akachungulia, akasema sista alitwambia hilo siku ya kwanza, wewe ulikuwa unamwangalia viatu. Kweli alikuwa na viatu vizuri.

Halafu njaa ikarudi. Hapo ndipo nilipojua napona. Nilikula ndizi nikatafuta nyingine, mimi niliyekuwa nimezichukia. Kamba ya gunia nikaiachia, nikamfungia mbuzi.

Miezi miwili ikaisha, nikapeleka makohozi tena. Sista akatoka na jibu mwenyewe mpaka kwenye benchi la nje. "Mama, ni safi. Humwambukizi mtu. Lakini dawa bado, miezi minne, usiache hata siku moja."

"Mjukuu wangu anaweza kurudi?"

"Kwa upande wetu anaweza. Hata mapema angerudi, ana dawa zake za kinga."

Nilipanda mlima ule siku hiyo bila kupumzika. Nikatuma neno ng'ambo ya mto: sista amesema arudi. Binti yangu akaja peke yake, uso umejaa huzuni.

"Mama, amekataa."

"Amekataa nini? Si yeye ndiye mtu wa afya?"

"Anaogopa." Akakaa kwenye kigoda, akaniambia jambo ambalo kwa miaka yote ya ndoa yake hakuwahi kunifikishia. Mume wake alikuwa na kaka mkubwa aliyeugua TB. Kila asubuhi mkwe wangu, wakati huo kijana, alikuwa akisimama mlangoni kwa kaka yake anauliza, umemeza? Kaka anaitikia, nimemeza. Alikuwa anaviweka chini ya ulimi, kisha anavitema nyuma ya choo, kwa sababu vilimchafua tumbo na hakutaka kusemwa. Walipomaliza kumzika ndipo walipovikuta vimezikwa chini ya majani makavu. "Ndiyo sababu aliingia kazi hii, Mama. Anasema mtoto harudi mpaka aone yeye mwenyewe ukimeza. Kwa macho yake. Atakuja kesho asubuhi, usimeze kabla hajafika."

Nilikaa na hilo neno. Sikulipenda, lakini sikumchukia aliyelisema.

Kesho yake walikuja, yeye, binti yangu na mtoto. Mimi na wifi tulikuwa uani. Nilisikia nyayo zikifika nyuma ya migomba, nikangoja zisimame pale zinaposimama siku zote. Hazikusimama. Alipita migomba, akaingia uani kwangu, akasimama peupe, juani, ambapo kila mtu angemwona. Nilivuta leso nikajifunika mpaka puani.

"Mama, nisamehe," mkwe wangu akasema. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. "Nimekuja kuomba kitu ambacho mkwe haombi."

"Omba."

"Nione ukimeza. Mara moja tu. Mdomo wazi, ulimi juu. Nikiona, mtoto abaki leo hii."

"Mimi namwona kila siku," wifi akasema. "Nimeona mpaka nisivyotaka kuona."

"Hata mimi kaka yangu nilimsikia kila siku, Shangazi."

Wifi alitafuta njia, namsifu kwa hilo. Alisema tushike leso katikati, ulimi utokee kwenye upenyo, mengine yote yasionekane. Mahali pengine ningecheka. Mimi nikasema aje sista, aje daktari, aje mzee wa kanisa, wakae hapa kila asubuhi na viti niwape. Aje mama yake mzazi, nitamfungulia. Akatikisa kichwa. Alitaka macho yake mwenyewe, na macho yenyewe yalikuwa chini, hayakuweza kuinuka. Nilimwonea huruma. Mtu amekuja kuona na hawezi kutazama. Angenitazama siku hiyo, sisi wawili tungebaki na nini kesho yake? TB ilishanichukulia nyama ya mwilini, ikanichukulia benchi langu na mtoto wangu wa mgongoni. Nilichobaki nacho kilikuwa hicho, na mimi si mtu wa kukitoa kwa kubembelezwa.

"Mama," binti yangu akasema, analia sasa, "ni mtoto."

Nikasema: "Dawa nitazimeza mpaka ziishe, lakini mdomo wangu sifungui mbele ya mkwe wangu."

Mtoto ndiye aliyenimaliza. Alijichomoa mkononi mwa mama yake nusu, akaniita, "Magokoro, si ufungue tu! Si una meno machache tu!"

Baba yake akamwinua begani, akasema, "Nimesikia, Mama," kwa sauti ya heshima, na sikusikia hasira ndani yake. Wakashuka mtoni. Kilio chake nilikisikia mpaka walipovuka, kisha nikaingia ndani, nikamwita wifi, nikameza vidonge vyangu mbele yake. Siku hiyo hakunitania. Aliangalia, akaitikia kwa kichwa, akaenda kupika.

Nilimeza miezi minne mingine. Niliumwa malaria katikati nikameza. Tulikuwa na msiba Nyakoe wa siku kadhaa, wifi akaja na mimi na vidonge viko kwenye pochi yake, akanifungulia mdomo nyuma ya hema la wafiwa, wanawake wakidhani ananing'oa jino. Mwisho walipima tena, safi, sista akaniambia nimepona, nenda nyumbani.

Mkwe wangu alileta mtoto siku ileile, mpaka nyuma ya migomba, akasimama pale. Mtoto akakimbia mwenyewe kipande kilichobaki. Alikuwa amerefuka. Sasa yuko shule na analala hapa kwangu, anachukua kitanda chote na mimi nabaki na ubao. Baba yake bado ni mhudumu wetu. Nikisikia mwanamke anakohoa sokoni au kanisani, simwachii nafasi kwenye benchi. Namsogelea, namwuliza ni kikohozi cha muda gani, na kama ni cha muda mrefu namwambia aende kituoni akaombe kikopo. Wengine hukasirika. Wakasirike wakielekea huko.

Wiki iliyopita binti yangu alikuja tukamenya ndizi pamoja.

"Mama, ile miezi minne mtoto alilia kila jioni."

"Najua."

"Na wewe pia. Shangazi aliniambia."

"Shangazi yako ana mdomo."

"Nakuuliza tu. Leo angesimama tena pale uani, akuombe vilevile, na mtoto mkononi. Ungemjibu nini?"

Niliweka kisu chini, nikafuta utomvu wa ndizi mikononi.

"Dawa nitazimeza mpaka ziishe, lakini mdomo wangu sifungui mbele ya mkwe wangu."